Ila Yake Ni Rangi Tu

Hamisi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga rafiki zako wa Nyakabiga, na mlio wa gari lako nimeusikiliza dirishani mpaka ulipokata kona ya msikiti. Linalia kama cherehani iliyokorofishwa. Mlio huo naujua vizuri kuliko unavyofikiri, na kabla hujarudi kula nataka nikueleze kwa nini.

Nimechana karatasi katikati ya daftari la dukani na nimekaa mezani nikiwa nimekasirika. Nakwambia mapema ili usidhani barua ya mama lazima ianze kwa machozi. Kesho unakwenda Gitega kuanza kazi yako ya maabara, siku niliyoiomba kwa Mungu miaka yote uliyokuwa shuleni, na badala ya kufurahi nimeuma meno. Hasira hii kidogo ni yako. Nyingi ni yangu mwenyewe.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala baridi ya Gitega, wala nani wa kupelekewa salamu. Shangazi yako amekuimbia hayo yote tangu juzi na wimbo haujaisha. Mimi nataka kusema juu ya gari.

Naona kabisa unavyofanya ukifika hapa. Unavuta pumzi, unatazama juu ya dari. Mama na gari tena! Vumilia. Hii si ile kelele yangu ya wiki tatu zilizopita.

Ngoja kwanza nitoe yaliyo yako, nipumue. Mji mzima unalala kwenye foleni ya mafuta, watu wanaacha magari majumbani wanakwenda kazini kwa miguu, na wewe siku hizo hizo ndizo ulizoona zinafaa kununua gari. Tena si gari la watu. Ni koksinele, lile dogo la mviringo lenye injini nyuma, lenye umri unaokaribia wangu. Ukajifunza kwenye simu, kwa wazungu wanaosafisha karibureta kwa mswaki, mwezi mzima. Mama yako anauza vipuri vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, mtaani Buyenzi miaka kumi na sita. Mafundi wenye mvi wananiletea skrubu mkononi wananiuliza ni ya gari gani. Wewe ukaenda kununua gari na Dezire, yule komisioneri anayeuza magari, viwanja na mbuzi kwa mdomo mmoja, ukaniletea likiwa limeshakuwa lako. Ulitaka kunishangaza, ulisema. Ulinishangaza.

Unakumbuka ile jioni. Ulipiga honi, nikatoka na mikono ya unga, nikakuta umelisimamisha mlangoni, la kijani, umeliegemea kama bwana harusi. Ukasema, "Mama, iangalie vizuri! Iko muzuri ama haiko muzuri?" Nikazunguka kama ninavyozunguka gari lolote. Nikafungua mlango wa kushoto. Kile kidirisha kidogo cha pembeni hakina mshikio wake, kina mshikio wa shaba wenye ua katikati. Hamisi, ule ni mshikio wa kabati. Ni wa kabati letu la vyombo, lile ambalo mpaka leo mlango wake mmoja unafunguliwa kwa kisu. Niliufunga pale mwenyewe.

Nikavuta mpira wa mlango kidogo kwa ukucha. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe.

Sasa rudi nyuma, ukiwa na miaka tisa, siku ya Idi. Wewe mwenyewe ulinikumbusha usiku ule ule ulioleta gari, ukiwa umejaa furaha na pilau: "Mama, unakumbuka ile koksinele nyeupe ya mteja wako? Ile ulinipeleka nayo mpaka ku ziwa? Tangu siku ile mi sikuisahau." Nikakujibu kwamba sikumbuki. Nilikudanganya mara mbili, kwa kuwa nakumbuka, na kwa kuwa halikuwa la mteja. Lilikuwa langu.

Nililinunua mwaka ule nilipofungua duka. Nilikuwa na meza moja, masanduku mawili ya vipuri na kichwa kikubwa. Mtu mmoja alikuwa anahama mji, analiuza. Nililikuta limeoshwa, limenyeshewa, linang'aa, na mimi nikayeyuka. Akipenda, chongo huita kengeza. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Alilitazama akasema, "Hii ni gari ya kuchezea. Umeangalia chini?" Nikamuuliza, muuza vipuri ni mimi au ni yeye? Akaenda zake Kigoma na mzigo, na mimi nikalipia.

Sikuangalia chini. Na jambo baya zaidi, sikuuliza. Babu yako alifanya biashara Buyenzi tangu ujana wake, na mimi nililelewa miguuni pake nikisikia vile wazee wanavyofunga mauzo. Kabla ya kupeana mkono, mnunuzi humuuliza muuzaji mara tatu: ila yake ni nini? Kizuri hakikosi ila, kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna ubaya kuuliza wala kujibu. Mara ya kwanza unaweza kujibu kwa mzaha. Mara ya pili unafikiri. Mara ya tatu unasema ile unayoijua wewe peke yako, hata ikiwa mnunuzi atageuka aende zake. Babu yako aliniambia anayedanganya mara ya tatu, mali yake ameiuza na yeye mwenyewe ndani yake. Nilikufundisha wewe ukiwa mdogo, kwa mzaha wa kuuziana karanga. Mimi siku ile nilikuwa na haraka ya kushika usukani.

Nikakupandisha siku ya Idi, tukaenda ziwani tukarudi, ukiwa umesimama kwenye kiti umetoa kichwa nje. Nilikwambia ni la mteja usije ukamwambia baba yako nimeshalinunua; nilitaka akirudi nimshangaze likiwa limekwisha kunyooshwa. Unaona kushangazana kulikoanzia?

Wiki iliyofuata nikalipeleka kwa Fundi Shabani, yule wa kunyoosha mabodi, akanyanyua kiti cha nyuma pale betri inapokaa. Maji ya betri yalikuwa yamekula sakafu yote. Nilitazama ndani ya gari langu nikaona mchanga wa Buyenzi, na kuku akipita. Tukafuata kutu mpaka mbele, ikawa imefika chini ya kiti cha dereva, kwenye reli zinazokishika. Shabani akagonga kwa kidole, akatikisa kichwa. Akasema sakafu ikatwe yote, iwekwe bati jipya zito, lichomelewe, wiki mbili, pale pale uwanjani kwake.

Pale pale uwanjani, Hamisi. Mbele ya barabara wanayopita mafundi wote wa Buyenzi. Mwanamke aliyefungua duka la vipuri juzi, aliyemjibu mumewe vile, ameuziwa gari lisilo na sakafu! Nilisikia kicheko kabla hakijaanza. Usije ukasema mama alikuwa na shida. Watu wakitubu hupenda kusema walikuwa na njaa. Mimi sikuwa na njaa. Niliogopa kuchekwa, basi.

Nikamwambia Shabani afunike. Akakataa. Nikamwambia kama hajui kazi aseme, nitampata anayejua. Akasema, "Mi nitafanya. Lakini we ndiye utasema na watu, apana mi." Akakata bati la mkebe wa mawese, akalifunga kwa ribiti, akalipaka mastike ya kuzibia, akapiga lami nyeusi kwa chini. Zulia jipya nikalitandika mwenyewe. Ulikuwa ukikanyaga huhisi kitu.

Mnunuzi akaja, mwalimu wa mtaa wa Mutanga Nord aliyekuwa anakaribia kustaafu, mtu mpole wa suruali zilizopigwa pasi. Alilipenda kama nilivyolipenda, macho yake yote yalikuwa nje. Nikasema moyoni, huyu hataangalia chini. Kweli hakuangalia. Lakini wakati wa kupeana mkono aliuzuia mkono wangu, akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Mama, mi niko Mukristu, lakini nasikia watu ya Buyenzi mukiulizwa mara tatu hamudanganyi. Basi ila yake ni nini?"

Nikasema, "Rangi."

"Ila yake ni nini, mama?"

"Rangi tu, Mwalimu. Imechoka."

"Ila yake?"

Shabani alikuwa hatua tano kutoka pale, amekaa juu ya tairi, anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Nikasema, "Mwalimu, si nimekwambia? Ila yake ni rangi tu."

Baba yako aliporudi nikamwambia nililinunua nikaliuza kwa faida. Akasema alhamdulillahi. Alikufa bila kujua, na nilidhani hilo litanifariji.

Nilikutana na Mwalimu mara moja sokoni, baada ya miaka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, gari yako inanipeleka kanisani kila dimanshi. Haijanisumbua hata siku moja." Kutoka kwake mpaka kanisani ni tambarare na ni karibu, na siku nyingine zote lilikaa chini ya banda. Nikamjibu Mungu alidumishe. Nikarudi nyumbani bila kununua nilichofuata.

Sasa nirudi kwenye jioni ile ya pilau, maana ndipo uliponimaliza. Nilikuwa bado najiambia labda sakafu ilitengenezwa, labda Mwalimu aligundua akachomelea. Wewe ukaanza kusimulia jinsi ulivyonunua. Ukasema, "Mama, mi si mujinga. Nilimuuliza mara tatu kama ulinifundisha. Unajua muzee mwenye gari alijibu nini? Alisema, 'Mutoto wangu, aliyeniuzia alikuwa mama wa Buyenzi. Na mi nilimuuliza mara tatu. Aliniambia rangi tu. Basi na mi nakwambia rangi tu, na rangi nilishaibadilisha.'" Ukapiga meza ukicheka. "Mama, iliuzwa na mutu wa kwetu! Ningeogopa nini?"

Nikainuka kuosha vyombo. Ulidhani nimechukia kwa sababu ya mafuta.

Uliuliza, mwanangu. Uliuliza vizuri kuliko nilivyouliza mimi. Wiki zote hizi nimekuita mtu asiyesikia, na kumbe ulisikia kila neno. Mwalimu naye alikujibu ukweli wote aliokuwa nao. Uongo uko mmoja tu katika habari hii yote na una mwenyewe.

Kila siku niliamka nimeazimia kukwambia, na kila nilipofungua mdomo ulitoka ugomvi. Nilisema rangi ni ya sombe, kisamvu kitupu. Nilisema mafuta. Nilisema kwa nini kijana wa maabara asipande basi kama watu, anamkimbilia nani? Siku ile nilipokwambia urudishe, ulinijibu taratibu, na hilo ndilo liliniuma, kwamba hukupiga kelele: "Mama, we unachukiaka tu kitu mi napenda." Ukatoka. Nilibaki nimeshika kitambaa cha meza, nikijitukana kwa lugha tatu.

Juzi ulipolala mchana nilichukua ufunguo nikalipeleka mwenyewe kwa Shabani. Sasa ana miwani na mgongo mbovu, lakini aliingia chini. Alikaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka hakujikung'uta vumbi. "Mama Hamisi, ile bati yetu imekuwa karatasi. Lami ndiyo inashika gari." Nikamuuliza kuhusu kiti cha dereva. Akasema mjini humu pengine kitakaa mwaka. Kwenye kupanda mlima wa Bugarama kwenda Gitega, na zile kona, hajui. Wewe unaijua njia ile. Unajua malori yanavyoshuka, na wale vijana wa baiskeli za ndizi wanavyokuja kama wamerushwa, na breki za ghafla unazopiga. Mtu apige breki ya ghafla, kiti king'oke na reli zake, mikono imeshika usukani na mwili unakwenda kwingine. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nikamwomba Shabani akwambie yeye. Nikamwambia atafute namna ya kifundi, aseme kutu imeonekana, yaishe. Akavua miwani. "Apana. Mi nilinyamaza mara moja, imetosha. We ulisema rangi, we utasema ingine. Na kama siku ya kuondoka hujamwambia, mi nitakuja kulala mbele ya gari." Na mgongo ule, angelala kweli, na kumwinua ingekuwa kazi ya watu wanne.

Kwa hiyo naandika. Mdomo umenishinda.

Ukitaka kuhakikisha, ukimaliza kula nenda na tochi, nyanyua kiti cha nyuma, sukuma betri kando, kwangua lami kwa bisibisi. Utaona herufi za mkebe wa mawese, zile nyekundu. Kisha ninyanyulie zulia la mbele upande wako, gonga kwa kidole. Bati hulia. Pale hapatalia.

Sikwambii usilipende. Yule anayekwambia gari la zamani ni ujinga hajawahi kulisikia likiwaka asubuhi, na mimi nimelisikia wiki tatu nikiwa kitandani, na pamoja na yote haya moyo uliniruka kila siku. Ukipenda kitu tena, gari au mtu, mchukue asiyekipenda akakitazame kwa niaba yako. Mimi nilikuwa naye, dereva wa lori mwenye miaka ishirini barabarani, nikamjibu kwa kiburi. Na kuchekwa, Hamisi, nimefanya hesabu yake sasa kwa miaka mingi. Buyenzi wangenicheka mpaka Ijumaa. Jumamosi angeuziwa mtu mwingine kitu kibovu zaidi, wangehamia kwake. Nilikimbia kicheko cha siku tano na nikakaa na aibu hii miaka kumi na sita. Sijui niiite mafunzo au nini. Nimechoka nayo tu.

Kesho utapanda basi. Hili siombi, naamuru, na ndilo neno la mwisho la amri utakalolisikia kwangu. Gari litabaki uwanjani kwa Shabani. Atakata sakafu yote kama alivyotaka kukata siku ile, mchana kweupe, mbele ya barabara, na mimi nitakuwa nimekaa juu ya kile kitairi chake. Anayetaka kupita acheke apite. Nikiulizwa ni la nani nitasema. Nimeshamwambia Mwalimu kwamba nitamtembelea Ijumaa baada ya swala. Hajui kwa nini, amesema ataniwekea chai. Hiyo chai sijui nitaimezaje.

Likiwa tayari utakuja kulichukua, au utaniambia hulitaki tena. Hata kuniambia hutaki niingilie mambo yako tena, unayo haki. Nina hofu ya hilo kuliko nilivyoogopa kitu chochote, pamoja na kicheko.

Mtoto akisafiri huomba radhi ya mzazi wake. Ya kwangu unayo, hukuhitaji kuiomba hata siku uliyonikasirisha zaidi. Yako ndiyo sina, na sithubutu kuiandika hapa kama kitu cha kuomba kwa karatasi.

Barua hii naiweka juu ya sahani yako iliyofunikwa, maana wewe huwezi kulala bila kula hata dunia ikipinduka. Mimi nitakuwa sebuleni. Ukimaliza kusoma usiseme kitu, wala usinihurumie. Njoo na ufunguo mkononi, simama mbele yangu kama ulivyosimama mbele ya Mwalimu, uniulize ila yake ni nini. Uniulize mara tatu, nisikie inavyouma. Nitakuwa nimeshakujibu ukweli mara ya kwanza.

Mama yako,
Mwajuma